Treni iliyokwenda kinyumenyume: uchambuzi wa kazi moja ya Commodore 64 mjini Mbeya

Kikundi cha sanaa mjini Mbeya kilitaka picha jongefu ya treni ya TAZARA ikipita kwenye manyunyu. Ilipaswa kuoneshwa ukumbini kutwa nzima kwenye TV ya chogo, ikitoka moja kwa moja kwenye kompyuta ya Commodore 64 (C64) na si kwenye video iliyorekodiwa. Mchoro ulitengenezwa kwenye laptop kwa CharPad, programu ya kuchora herufi za C64, na kukaguliwa fremu moja moja, na kila fremu peke yake ilikuwa safi. Ilipowekwa kwenye mashine halisi yakaja malalamiko matatu. Mataruma ya reli yalionekana yakienda upande uleule wa treni, kana kwamba treni inarudi Zambia kinyumenyume. Picha ilikatika katikati kwa kufumba na kufumbua. Jioni, mashine iliganda mpaka izimwe na kuwashwa upya.

Yote matatu yalisingiziwa uzee wa kompyuta, lakini ni moja tu linalohusiana na uzee, tena si wa kompyuta yenyewe.

Mashine hii ilitoka mwaka 1982. Tanzania ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta tangu 1974, kwa hiyo kizazi cha kompyuta za nyumbani kilitupita. Zilizopo Nyanda za Juu Kusini zilikuja baadaye, ndani ya masanduku ya wasafiri au kwenye makontena ya mitumba, na fundi aliyewahi kuifungua moja ni wa kutafuta kwa tochi. Upande wa TV hali ni nyingine. Tangu vituo vya televisheni vianze Tanzania Bara mwaka 1994 chogo zimejaa majumbani, na ving'amuzi vilipoingia, nyingi zilibaki zikitumia tundu la AV. Tundu hilohilo ndilo tunalolihitaji.

Tuanze na kumbukumbu, maana ndiyo iliyoamua idadi ya fremu. Chipu ya picha, VIC-II, haioni kilobaiti zote 64 kwa mara moja. Inaona dirisha la kilobaiti 16 tu. Skrini ni herufi 40 kwa 25, na kila herufi ni mraba wa pikseli 8 kwa 8. Ukichora kwa ramani ya pikseli, picha moja inakula baiti 8,000 bila kuhesabu rangi, hivyo dirisha linajaa kabla hujafikisha picha mbili. Njia ya busara ni kuchora upya maumbo ya herufi 256 zenyewe. Seti moja ya herufi ni baiti 2,048. Ukiwa na seti kadhaa ambamo herufi ileile imechorwa katika hatua tofauti za mwendo, unaacha skrini kama ilivyo na kubadilisha namba moja tu, iliyo kwenye rejista $D018 (alama ya $ ina maana namba imeandikwa kwa mfumo wa kumi na sita), na skrini nzima inasogea kwa mara moja. Kazi ambayo kichakato cha megahezi moja kisingeiweza kwa kunakili baiti inakuwa amri moja ya kuandika.

Dirisha lililotumika ni la $4000 hadi $7FFF. Skrini iko $4000, anwani nane za $43F8 hadi $43FF ni za viashiria vya spraiti (vipicha vinavyoelea juu ya skrini), na $4400 hadi $47FF ni spraiti 16 za baiti 64, yaani viashiria namba 16 hadi 31. Zinabaki kilobaiti 14, ambazo ni seti saba: $4800, $5000, $5800, $6000, $6800, $7000 na $7800. Kwa mpangilio huu, thamani za $D018 ni 2, 4, 6, 8, 10, 12 na 14. Dirisha linachaguliwa hivi:

POKE 56576,(PEEK(56576) AND 252) OR 2

Ukipakia kutoka BASIC, kwanza shusha paa la BASIC kwa POKE 52,64:POKE 56,64:CLR, vinginevyo vigeu vya programu vitaandikwa juu ya mchoro wako.

Wapo wanaopenda dirisha la $8000, kwa kuwa liko mbali na programu. Kwa kazi hii halifai. VIC-II ikitazama $9000 hadi $9FFF inaona ROM ya herufi za kiwandani badala ya RAM. Seti mbili kati ya zako zitageuka ABCD katikati ya mwendo, na utatafuta kosa kwenye mchoro wakati mchoro hauna kosa. Dirisha la kwanza kabisa lina mtego huohuo kwenye $1000 hadi $1FFF.

Kwa hiyo fremu ni saba, na namba hii saba ndiyo iliyoirudisha treni nyuma.

Mchoraji alipanga mataruma kila baada ya pikseli 8, kwa sababu herufi ina upana wa pikseli 8 na ni rahisi kurudia herufi moja mstari mzima. Kisha akayasogeza pikseli 6 kwa kila fremu ili treni ionekane ina kasi. Jicho halina alama ya kujua taruma lipi ni lipi, hivyo huunganisha kila taruma na jirani lililo karibu zaidi. Kusogea 6 kwenda kushoto kati ya vitu vilivyoachana 8 ni sawa na kusogea 2 kwenda kulia, na jicho huchagua hiyo 2. Juu ya hilo, fremu ya saba inapoishia, mataruma yamefika pikseli 36, na fremu ya kwanza inaanza upya kwenye 0. Ukitoa makundi ya nane, 36 inabaki 4, yaani nusu kamili ya nafasi. Basi treni inarudi nyuma polepole mara sita, inapiga mruko mmoja usio na upande, inaanza tena. Ukumbini mruko huo ulionekana kama kasoro ya TV.

Kanuni ina sehemu mbili, na zote mbili lazima zitimie. Hatua ukiizidisha kwa idadi ya fremu lazima ipate umbali wa kujirudia, au mara mbili, tatu ya umbali huo bila kubakiza. Na hatua lazima iwe chini ya nusu ya umbali wa kujirudia. Kwa fremu saba, umbali wa 8 haukubali hatua yoyote isipokuwa 8 yenyewe, ambayo ni sawa na kusimama. Ukishikilia mataruma ya pikseli 8, punguza fremu ziwe nne na hatua iwe 2. Hilo linafanya kazi, ila unatupa fremu tatu ulizokwisha kulipia kwa kumbukumbu.

Marekebisho yalikuwa kuyaweka mataruma kila baada ya pikseli 28 na hatua ya 4. Nne mara saba ni 28. Herufi saba mfululizo zina pikseli 56, zinazobeba mataruma mawili kamili, kwa hiyo kipande cha herufi saba kinarudiwa kando kwa kando mpaka kijaze safu 40, na cha mwisho kinakatwa ukingoni bila mtu kugundua. Hatua za namba shufwa si hiari. Katika modi ya rangi nyingi pikseli zina upana maradufu, kwa hiyo hatua ya 3 au 5 haipo.

Mengine yakapangwa kwa kanuni hiyohiyo. Mistari ya mipaina nyuma ya treni inajirudia kila pikseli 14 kwa hatua ya 2. Majani ya mbele kabisa yanajirudia kila 56 kwa hatua ya 8. Tofauti hiyo ya kasi kati ya karibu na mbali ndiyo inayoleta kina, na haikugharimu hata baiti moja ya ziada. Matone yanaanguka kwenye anga la mistari saba ya herufi, yaani pikseli 56 kwenda chini. Hatua ya 8 ilileta matone yanayoelea kama pamba, hivyo ikawekwa 16: mara saba ni 112, mara mbili kamili ya 56, na bado iko chini ya nusu. Sharti ni tone moja tu kwa kila safu ya pikseli. Ukiweka mawili, umbali kati yao unapungua na unarudi kwenye ugonjwa wa mataruma.

Magurudumu yana kipenyo cha pikseli 24, basi mzingo wake ni kama 75. Mzunguko mmoja wa fremu saba unaipeleka reli 28, ambayo ni zaidi kidogo ya theluthi ya mzingo. Kila gurudumu likapewa alama tatu za rangi na kuzungushwa theluthi moja kwa fremu saba, karibu nyuzi 17 kwa hatua. Theluthi ni pikseli 25, si 28, kwa hiyo gurudumu linateleza pikseli tatu kwa kila mzunguko. Hakuna anayeliona. Kupoteza jioni nzima kulisahihisha ni ubishi tu.

Kukatika kwa picha ni jambo fupi. Fremu zilibadilishwa kwa kitanzi cha BASIC kilichoandika 53272, yaani $D018, wakati wowote kilipofika zamu. TV ikiwa imechora nusu ya juu kwa seti ya tatu, nusu ya chini inachorwa kwa seti ya nne. Dawa ni kubadilisha wakati mwale wa TV umeshamaliza eneo la picha. Kwenye C64 mistari ya picha ni 51 hadi 250, hivyo katizo (ishara inayomsimamisha kichakato afanye kazi nyingine kwanza) linawekwa mstari wa 251:

SEI
LDA #$7F
STA $DC0D
LDA $DC0D
LDA #251
STA $D012
LDA $D011
AND #$7F
STA $D011
LDA #1
STA $D01A

Kisha anwani ya utaratibu wako inaingia $0314 na $0315, halafu CLI. Ndani ya utaratibu, punguza kihesabio. Kikifika sifuri kirudishe 6, chukua thamani inayofuata kwenye jedwali la saba, iandike $D018. Katika kila katizo, hata lile lisilobadilisha fremu, andika 1 kwenye $D019 kabla ya JMP $EA31. Ukisahau $D019, katizo linajirudia bila kukoma na mashine inaonekana imekufa.

Kihesabio cha 6 kinatoa zaidi kidogo ya hatua nane kwa sekunde, na mzunguko mzima ni sekunde 0.84. Usiupime mwendo huo kwenye laptop. Skrini nyingi za laptop huchora picha upya mara 60 kwa sekunde, na picha ya mara 50 ikipita humo inagugumia, kwa sababu kila fremu ya tano inaoneshwa mara mbili. VICE, programu inayoiga C64 kwenye laptop, nayo ihakikishwe iko kwenye PAL, mfumo wa TV wa picha 50 kwa sekunde. Ikiwa NTSC, mfumo wa picha 60, kila kitu kinakimbia karibu asilimia 20 zaidi.

Rangi ziliibua ubishi kuliko zilivyostahili. Modi ya rangi nyingi inatoa rangi nne kwa kila herufi, lakini tatu kati yake, zilizo $D021, $D022 na $D023, ni za skrini nzima. Ya nne ni ya herufi husika, na inaweza kuwa moja tu kati ya rangi nane za mwanzo: nyeusi, nyeupe, nyekundu, samawati, zambarau, kijani, bluu, njano. Kahawia na kijivu hazimo. Mchoraji anayetaka udongo na ukungu wa Mbeya lazima avipeleke kwenye zile tatu za pamoja, na ndivyo ilivyofanyika: kijivu hafifu (15) kwa anga, kijivu kizito (11) kwa safu ya milima na bodi ya mabehewa, kahawia (9) kwa tuta la reli. Kijani na njano zikabaki za herufi. Rangi ya herufi inaandikwa kwa kuongeza 8, hivyo kijani (5) inaandikwa 13. Ukiandika 5 tupu, herufi hiyo inarudi kwenye pikseli nyembamba na mchoro wake unaparaganyika. Jambo la kuangalia kwenye chogo iliyochoka ni mng'ao: bluu na kahawia zina mng'ao sawa kwenye VIC-II nyingi, vivyo hivyo nyekundu na kijivu kizito. TV ikipoteza rangi, mpaka kati yake unatoweka. Punguza rangi ya TV mpaka sifuri na uangalie kama treni bado inasomeka.

Sasa umeme, lalamiko la tatu. Chaja asilia ya C64, lile tofali zito lililojazwa gundi ngumu, hutoa volti 5 za DC na volti 9 za AC. Ina mabaya mawili yasiyofanana. La kwanza ni la uzee: kidhibiti cha volti 5 kikifa, mara nyingi hupandisha badala ya kushusha, na chipu za RAM ndizo zinazotangulia kuungua. La pili ni la hapa kwetu. Umeme mdogo wa jioni unapunguza kila kitu kwa uwiano: mtandao ukishuka kutoka 230 hadi 180, zile volti 9 zinakuwa 7, na kidhibiti cha 5 kinakosa nafasi ya kufanya kazi. Picha inaanza kuwa na mawimbi yanayopanda polepole, kisha mashine inaganda. Asubuhi mtandao uko juu, mashine ni nzima, na fundi anaapa hakuna tatizo.

Pima ikiwa imewashwa na ikiwa na mzigo, si chaja peke yake mezani. Kwenye tundu la nyuma la watumiaji, pini 1 ni ardhi na pini 2 ni volti 5. Kati ya 4.75 na 5.25 ni salama. Ikizidi 5.25 zima papo hapo na usiiwashe tena na chaja hiyo. Angalia ncha za mita zisiguse pini 10 na 11, ndiko AC inakopita.

Suluhisho ni kuachana na tofali. Chaja ya kisasa ya 5V yenye ampea 2 au zaidi, ya aina inayokubali kuanzia volti 100, haijali umeme mdogo. Kwa upande wa 9 inahitajika transfoma ya AC ya ampea 1. Hapa watu hukosea sana: adapta za 9V zinazouzwa kwa redio ni DC, na hazifai. Kwenye plagi ya pini saba, 5V ni pini 5, ardhi ni pini 2, AC ni pini 6 na 7. Ikiwa taa inawaka lakini skrini ni nyeusi kwenye mashine za bodi ndefu za zamani, tazama kwanza fyuzi ndogo ya ndani, maana AC ikikosekana VIC-II haichori. Transfoma na TV viwe nyuma ya stebilaiza. VA 500 inatosha kwa chogo ya inchi 21 na kompyuta. Washa TV kwanza na kompyuta baadaye, kwa sababu koili ya kuondoa usumaku kwenye TV huvuta umeme mwingi kwa muda mfupi inapowashwa.

Umeme kukatika kabisa ni suala jingine. Ukirudi, C64 inasimama kwenye READY ikisubiri mtu aandike LOAD, na ukumbini mtu huyo hayupo. SD2IEC, kifaa cha kusomea kadi ya SD, haisaidii hapo, nayo inangoja amri. Kinachofaa ni katriji inayojiwasha. Kazi nzima inaingia kwenye EPROM (chipu ya kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika) moja ya 27C128, ambayo ni kilobaiti 16, mradi usihifadhi seti saba kamili. Herufi zinazosogea ni chini ya 100: mipaina 21, reli 14, majani 21, gurudumu 9, mvua 28, jumla 93. Ziwe 96 kwa akiba. Hizo mara baiti 8 mara fremu 7 ni baiti 5,376. Herufi 160 zisizosogea ni 1,280, na zinahifadhiwa mara moja tu. Skrini 1,000, rangi 1,000, spraiti za moshi 1,024. Jumla ni 9,680, na programu yenyewe haifiki kilobaiti moja. Inapoamka inajenga seti saba kwenye RAM kuanzia $4800 na kuanza.

Alama ya kujiwasha ni baiti tano kwenye $8004: $C3, $C2, $CD, $38, $30, na anwani ya kuanzia iko $8000. Kabla ya chochote programu iite $FDA3, $FD50, $FD15 na $FF5B kwa mpangilio huo. Ukiruka hizo, skrini inaweza kuamka mezani na kugoma ukumbini. Laini za EXROM na GAME kwenye tundu la katriji zote zishushwe ardhini. Laini za kuchagua ROM, yaani ROML na ROMH, ziunganishwe kwa geti la AND kuelekea pini ya kuchagua chipu, na laini ya anwani A13 ichukuliwe moja kwa moja kwenye tundu hilo. Dirisha la kioo la EPROM lifunikwe kwa stika isiyopitisha mwanga. Katriji haichomekwi wala kuchomolewa mashine ikiwa imewashwa.

Kebo ya picha haina fumbo. Plagi ya DIN ya pini tano kutoka kwenye redio kaseti ya zamani inaingia kwenye tundu la pini nane: pini 4 ni picha, 3 ni sauti, 2 ni ardhi. Soma namba zilizochongwa kwenye plagi, kwani mpangilio wake kuzunguka duara ni 1, 4, 2, 5, 3. Kwa picha tumia waya wa antena wa ohm 75. Asubuhi za Juni na Julai, mashine iliyolala stoo ya baridi iachwe ukumbini ikiwa imezimwa mpaka bodi ipate joto, la sivyo unyevu unatanda juu ya chipu. Punguza mng'ao wa chogo, kwa sababu bodi ya mabehewa haisogei hata pikseli moja, na ikikaa kutwa kwa mng'ao wa juu itaacha kivuli chake kwenye kioo.

Wakitaka kurekodi kwa simu, programu ya kamera iwekwe fremu 25 au 50 kwa sekunde na shata 1/50. Kwa fremu 30 mikanda myeusi itapita mfululizo. Hata kwa 50 kuna mkanda hafifu unaopita taratibu karibu kila sekunde nane, kwa kuwa C64 ya PAL haitoi picha 50 kamili bali 50.12: saa yake ni hezi 985,248, na kila picha hutumia mizunguko 19,656. Chukua kipande cha kati ya mikanda miwili. Kinatosha mizunguko tisa ya treni, na kwa kuwa mzunguko hauna mshono, kinaweza kurudiwa mpaka urefu wowote unaotakiwa.